Jiwe la Minandi Lililohamia Mkolani

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, wanafunzi wakiwa bado wanakunywa uji, Sajini Sabina alichekecha ziwa. Alitumia chekeche la jikoni, lile la unga. Aliondoa majani makavu, mavi ya panya na vichungi vya sigara vilivyodondoshwa na maofisa, kisha akausawazisha mchanga kwa ubao na kuurudishia bluu ya kufulia pale ulipopauka. Ziwa lake lilikuwa na meta nne kwa sita, ndani ya fremu ya mbao, kwenye sakafu ya banda la mafunzo. Kando ya ziwa palikuwa na mji: nyumba za viberiti, barabara za chokaa, vilima vya udongo, na mawe madogo aliyoyaokota mwenyewe na kuyapanga moja moja, mpaka mtu wa Mwanza angeweza kunyoosha kidole na kusema pale ndipo kwa shangazi.

Juu ya ziwa zilining'inia ndege mbili za bati kwa uzi wa nailoni. Meli zilikatwa kwenye ndala kuukuu. Boti za kushushia askari zilikuwa saba, nazo ni vizibo vya soda. Somo lenyewe lilikuwa refu, na vitabu vyake vilijaza kabati, lakini Sabina alikuwa amelifupisha likawa la kuingia hata kichwani mwa kuruta anayesinzia. Ndege hutangulia kuangalia. Meli husimama mbali na kulinda. Boti huingia kwa mstari. Askari wakishakanyaga nchi kavu, mji huchukuliwa chumba kwa chumba, na anayechukua sebule akaacha jiko hajachukua nyumba. Alikuwa amelifundisha hilo miaka kumi na miwili, na wanafunzi wake wengine sasa walikuwa makapteni wasiomkumbuka.

Kwenye ziwa la kweli, hatua mia tatu kutoka ufukwe wa Nyamalele, katikati kabisa ya njia ya boti, palikuwa na Jiwe la Minandi. Zamani lilikuwa limetokeza juu ya maji, na wale ndege weusi, minandi, walisimama juu yake mchana kutwa wakiwa wametanua mabawa yakauke. Ziwa lilipopanda mwaka wa elfu mbili na ishirini, likameza mialo ya wavuvi na vyoo vya watu, na jiwe nalo likazama. Lilibaki nusu meta chini ya maji. Minandi walizungukazunguka juu yake siku chache, wakaondoka. Kwenye modeli ya mchanga lilibaki vilevile, kijiwe cha ukubwa wa yai la kanga.

Jumatatu moja ya Agosti, mwaka juzi, mkuu wa kituo alikuja kukagua banda. Luteni Kanali Jovinary alikuwa mtu msafi, msomi, hasemi kwa ukali, na ambaye mgeni rasmi akitajwa tu hapati usingizi zaidi ya saa tatu. Mgeni rasmi alikuwa anakuja Alhamisi kutazama zoezi. Kituo kizima kilinuka chokaa, maana jeshini kisichotembea hupakwa chokaa, na miti, kingo za barabara na hata matangi ya maji yalikuwa yamekwisha pakwa. Jovinary alizunguka modeli mara mbili, akasimama, akauliza kijiwe kile ni nini. Sabina akamweleza. Akauliza kama jiwe hilo linaonekana ziwani. Sabina akasema halionekani tena, afande, liko chini ya maji.

"Modeli inaonyesha kinachoonekana," alisema Jovinary. "Liondoe, mgeni asije akaanza kuuliza."

Hiyo ilikuwa kanuni kweli, imeandikwa kwenye ukurasa wa nne wa mwongozo, na Sabina mwenyewe aliifundisha. Aliliondoa. Pale lilipokuwa akapasawazisha kwa kiganja, akapatia bluu, na kijiwe akakitia kwenye mfuko wa suruali ya kombati. Alikusudia kukiweka kwenye droo, lakini aliitwa akasimamie chokaa.

Jumatano wakakaa wote kuizunguka modeli kupewa maelekezo. Kwenye boti namba tatu nahodha alikuwa Koplo Malimi, kijana wa Kiseke, mrefu, mwenye tabia ya kukuna shingo kabla ya kusema. Aliutazama mchanga kwa muda mrefu, akakuna shingo, akauliza Jiwe la Minandi liko wapi. Mkuu wa kituo alikuwapo. Mgeni rasmi, aliyewahi kufika siku moja kabla, alikuwapo pia, amekaa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe. Sabina alikuwa amesimama na fimbo yake mbele ya Malimi, si zaidi ya hatua mbili, na kijiwe kilikuwa kinamgusa paja.

Jovinary akajibu kwamba modeli inaonyesha kinachoonekana. Malimi akacheka kidogo, akasema kumbe lilishaondolewa, akakaa. Jeshini modeli haibishaniwi. Mtu akibishana na modeli ataulizwa anabishana na nani. Sabina alifungua mdomo, akamwona mgeni rasmi akitazama saa, akaufunga. Siku zote baadaye, alipojaribu kukumbuka alichotaka kusema, alikumbuka kila neno.

Alhamisi helikopta iliyopaswa kutangulia kuangalia njia ilikwenda kumchukua mgeni rasmi hotelini, kwa kuwa barabara ilikuwa na vumbi. Rubani angepita juu ya njia ya boti angeliona jiwe, maana kutoka juu linaonekana wazi, doa la kahawia ndani ya maji ya kijani. Saa tatu asubuhi boti saba ziliingia kwa mstari. Boti namba tatu ilipanda juu ya jiwe kwa mwendo wake wote, ikapinduka. Askari walikuwa wamefunga mabegi ya mgongoni kwa kamba mbili, kama walivyofundishwa, ili yasidondoke. Walikufa watano, Malimi akiwa mmoja wao. Mgeni rasmi alirudi mjini kwa barabara.

Jioni ile Sabina alifika nyumbani kwake Mkolani, akavua kombati, akakumbuka kutoa vitu mfukoni. Kijiwe akakiweka juu ya kabati la televisheni, kando ya redio, akaenda kukaa jikoni. Alikaa mpaka chai ikapoa na kufanya utando.

Asubuhi kijiwe kilikuwa sawa na bakuli la ugali, nacho kimelowa. Akakifuta, akakishusha chini ili kabati lisivunjike. Siku ya tatu kilikuwa sawa na mtungi, na hapakuwa na kukibeba tena. Akahamisha kochi. Siku ya sita akahamisha meza, televisheni na picha ya marehemu mama yake. Mwisho wa wiki ya pili jiwe lilikuwa limechukua sebule yote, likasukuma ukuta wa chumba cha kulala ukalala taratibu bila vumbi jingi, likachukua nacho. Hapo likatulia. Jiko liliachwa. Sabina akatandika godoro lake jikoni, kati ya jiko la gesi na ndoo za maji, akawaza kwamba jiwe halijamaliza kazi.

Lilikuwa ni Jiwe la Minandi lenyewe, hapakuwa na ubishi. Lilikuwa na ule mgongo uliopinda na ufa wa upande wa kaskazini, na lilikuwa na unyevu usiokauka. Ubavuni, usawa wa kifua cha mtu, palikuwa na mkwaruzo mpya wenye urefu wa mkono, na ndani yake rangi ya kijivu, ile inayopakwa boti za kituo na haiuzwi dukani.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Ndalahwa, alikuja na daftari. Mwanza hakuna asiye na jiwe lake. Kuna wenye jiwe uani, wenye jiwe chini ya kitanda, na wapo waliojenga choo juu ya jiwe na wakashukuru Mungu kwa msingi wa bure. Kwa hiyo mzee Ndalahwa hakuwa na maswali mengi. Aliuliza kama jiwe limevuka mpaka wa jirani. Halikuwa limevuka. Akauliza kama Sabina ana mpango wa kulivunja kokoto, maana hapo ingehitajika ruhusa. Sabina akasema hana. Mzee akaandika "jiwe la asili", akafunga daftari, akamshauri aache dirisha wazi kwa sababu ya unyevu.

Aliliacha wazi, na minandi wakaja. Walianza wawili, wakawa tisa. Waliingia asubuhi, wakasimama juu ya mgongo wa jiwe chini ya dari, wakatanua mabawa kuelekea feni. Miaka yote ile walikuwa wamekosa pa kusimama. Sabina alitandaza magazeti, akazoea harufu ya samaki, na kila alipotoka kazini aliwakuta wakimtazama kwa jicho lile la kijani lisilopepesa.

Wakati huo bodi ya uchunguzi ilikuwa imeshamaliza. Ilikaa siku tisa. Ramani ilionyesha maji matupu yenye kina cha meta kumi na moja. Modeli ilionyesha maji matupu. Boti inayopinduka kwenye maji matupu imepinduliwa na anayeiendesha, na bodi ikaandika hivyo: uzembe wa nahodha. Sabina aliitwa akaulizwa swali moja, kama siku ya zoezi aliliona jiwe lolote kwenye njia ya boti. Akasema hakuliona, lakini, na mwandishi akawa ameshageuza ukurasa.

Wanne walizikwa kwa bendera na risasi za heshima. Malimi alizikwa Kiseke kwa kitenge cha mama yake. Mmoja wa wale wanne, Revocatus, alikuwa mtoto pekee wa mama aitwaye Paskazia, na Paskazia alikuwa akisali kanisa moja na Tereza, mama yake Malimi, benchi la mbele yake. Miaka ishirini, padri aliposema mtakiane amani, Paskazia aligeuka na kumpa Tereza mkono. Tangu siku matokeo yaliposomwa hakugeuka tena. Tereza alikuwa ananyoosha mkono, anakaa nao hewani kidogo, kisha anaurudisha na kushika kitabu cha nyimbo. Hayo Sabina aliyasikia kwa watu, na yakamnyima chakula.

Jumamosi akavaa gauni, akaenda Kiseke. Alimkuta Tereza amekaa kwenye mkeka anapepeta mchele. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Akaeleza yote tangu mwanzo, chokaa, kijiwe, mfuko, fimbo, mpaka jiwe lilivyojaa nyumbani. Tereza hakuacha kupepeta.

"Alikuuliza?" alisema Tereza, Sabina alipomaliza.

"Aliuliza wote tuliokuwapo, mama."

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Mbele yake."

"Nalo lilikuwa wapi?"

Sabina akashika paja lake, pale mfuko wa kombati unapokuwa. Tereza akatazama mkono ule. Alitoa chuya moja, akaitupia kuku, akatoa ya pili. Sabina alitamani atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi njia nzima, na kwa kukosa matusi akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, sajini, mbele ya kuku.

"Nipeleke nikalione," alisema Tereza.

Alipofika Mkolani aliingia bila kuvua viatu, maana sakafu ililowa. Minandi wakasogea kumpisha. Alizunguka upande uliokuwa na nafasi, akaupata mkwaruzo, akaweka kiganja juu ya rangi ya kijivu na kukiacha pale. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha dirisha kikahama. Kisha akauliza kama kuna ofisi ambayo mtu anaweza kuipelekea jiwe kama hili, na Sabina akasema hilo haliendi ofisini, ila ofisi inaweza kuja.

Akaandika barua. Aliiandika mara sita, kwa kufuata ngazi, na ya sita ikapita. Bodi ikarudi, safari hii watu watatu chini ya Meja Maige, mtu mnene mwenye adabu aliyefikia nyumba ya wageni Buhongwa na kulalamikia mbu. Walikuja na futi ya chuma, kamera na mkebe wa kuchukulia sampuli. Sabina akawapikia chai. Meja Maige alikaa jikoni kwenye godoro lililokunjwa, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine, na wale wawili wakapanda jiwe kwa ngazi. Walipima urefu, upana na kimo. Walikwangua rangi, wakailinganisha na kipande cha boti namba tatu, zikalingana. Waliwahesabu minandi. Ufa wa kaskazini waliulinganisha na picha ya zamani iliyopigwa na mvuvi mmoja, ukalingana.

Sabina aliwasimulia tena habari ya mfuko. Meja Maige aliandika kila neno kwa mwandiko mzuri, akamwomba asome na kutia sahihi. Tereza alikuwapo, amesimama mlangoni na mkoba wake. Aliposikia rangi zimelingana alikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa, akafumba macho, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Matokeo yalikuja baada ya wiki tatu, kurasa kumi na nne. Bodi ilithibitisha kwamba jiwe lipo. Ilithibitisha kwamba boti namba tatu iligonga jiwe hilo. Ilithibitisha pia kwamba jiwe hilo lipo Mkolani, ndani ya nyumba ya sajini, mlimani, mbali na maji, na kwamba limeandikwa na serikali ya mtaa kama jiwe la asili la mahali pale. Kwa kuwa nahodha aliyepangiwa ufukwe wa Nyamalele hakuwa na sababu ya kupita Mkolani, bodi ilishikilia uamuzi wa awali wa uzembe.

Sabina alimsomea Tereza kurasa zote, mpaka sahihi. Tereza aliuliza kama wameandika kwamba walikunywa chai. Hawakuwa wameandika.

Mwezi wa pili likatangazwa zoezi jipya. Ufukwe ule ule, njia ile ile, boti saba, ramani ile ile. Jumatatu iliyofuata Sabina alichekecha ziwa, akaokota kijiwe nje ya banda, akakiweka mahali pake, hatua mia tatu kutoka ufukweni. Jovinary alikikuta. Hakufoka. Aliinama mwenyewe, akakitoa kwa vidole viwili, akampa kiganjani, naye alionekana hajalala.

"Sabina," alisema, "tukiliweka leo, tutaulizwa liliondolewa lini."

Alimwambia kwamba helikopta safari hii imeombwa na itaruka, Mungu akipenda. Kisha akamwandikia likizo ya siku kumi na nne kuanzia siku ile, kwa sababu amechoka na watu wamegundua. Hilo la kuchoka lilikuwa kweli. Helikopta, ilipofika siku yenyewe, ilikuwa na hitilafu.

Siku ya zoezi Tereza alifika Mkolani saa moja na nusu asubuhi, hakuwa ameitwa. Walikaa jikoni wakanywa chai ya rangi. Wote wawili walijua saa, na wote wawili walijua jambo jingine ambalo hakuna aliyelisema: kwamba boti moja ikigonga leo, mbele ya wageni, mahali pale pale, hakuna bodi duniani itakayoandika tena neno uzembe. Malimi angefukuliwa jina lake. Paskazia angegeuka benchi la mbele. Kulikuwa na vijana wapatao tisini kwenye boti zile. Sabina alimtazama mama yule akizungusha kikombe, akamwonea huruma kuliko alivyowahi kumwonea mtu, akajionea aibu pia, maana wazo lile lilikuwa limemjia yeye kwanza.

Saa tatu kasoro dakika chache minandi wakaruka wote pamoja, wakatoka dirishani. Kisha injini zikasikika. Zilianzia upande wa mlango, mbali, chini ya dari, zikawa zinakaribia sebuleni.

Tereza akaweka kikombe chini. Alikuwa amejifunga kanga nyekundu juu ya gauni. Akaifungua kiunoni, akaikunja mara moja kama mtu anayetoa zawadi, akampa Sabina. Akaenda kushika ngazi isiteleze.

Sabina akapanda. Alisimama juu ya mgongo wa jiwe, kichwa chake kikigusa dari, na maji ya baridi yakamfika magotini ingawa hakuyaona. Akatanua kanga kwa mikono miwili juu ya kichwa, akaishusha, akaitanua tena, ile ishara ya kuzuia njia ambayo alikuwa ameifundisha kwa miaka kumi na miwili. Hakuziona boti. Alisikia mlio wao ukigawanyika, mmoja ukapita kulia upande wa choo, mwingine kushoto upande wa barabara, kisha mawimbi yakapiga ukuta na kulowesha kalenda. Akahesabu mpaka saba. Alipohesabu ya saba akakaa pale pale juu ya jiwe, na Tereza hakuiachia ngazi.

Manahodha wote saba waliandika kitu kimoja kwenye taarifa zao. Waliona sajini amesimama ndani ya maji mpaka magotini, mahali ambapo ramani inaonyesha kina cha meta kumi na moja, akionyesha ishara ya kuzuia kwa kanga nyekundu. Wakapita pembeni, kama kanuni inavyotaka. Wawili walimtambua kwa jina. Askari walishuka salama, wakaingia kwenye nyumba za mfano na kuzichukua chumba kwa chumba, na mgeni rasmi wa safari hii, ambaye hakuwa yule wa kwanza, akapiga makofi.

Taarifa ya zoezi ilisomwa kwenye gwaride la Ijumaa. Ilisema boti saba zimepita njia ya Nyamalele bila kugonga chochote. Kwa hiyo imethibitika kwa vitendo kwamba njia hiyo haina jiwe, na ajali ya Agosti ilitokana na uzembe wa nahodha, na jambo hilo sasa limefungwa. Ilisema pia kwamba Sajini Sabina, akiwa likizoni, alionekana ndani ya eneo la zoezi bila kibali na bila sare kamili, kwa sababu kanga si sehemu ya sare. Alipewa onyo la maandishi. Alilipokea kwa saluti.

Jumapili alikwenda kanisani Kiseke, akakaa kando ya Tereza. Padri aliposema mtakiane amani, Tereza alinyoosha mkono mbele. Paskazia hakugeuka. Mkono ulikaa hewani kidogo, kisha Sabina akaushika yeye, na Tereza akamwachia, ingawa hakuwa ameunyoosha kwake.

Baada ya misa walirudi pamoja Mkolani. Minandi walikuwa wamesharudi juu ya jiwe. Sabina alibadilisha magazeti, Tereza akaanika ile kanga kwenye ngazi, maana ilikuwa haijakauka mpaka siku ile na ilinuka ziwa. Akawa anainyoosha pindo, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Tungewaacha wagonge," alisema, "mwanangu angekuwa safi."

"Ndiyo, mama."

Tereza akamaliza pindo la kwanza, akashika la pili. Kisha akauliza zoezi lijalo ni lini. Sabina akamwambia ni mwezi wa tano, tarehe ishirini na moja, saa tatu. Tereza akaomba aandikiwe kwenye karatasi, kwa sababu siku hizi anasahau, na Sabina akamwandikia.